Anayembadilishia Maji Ndiye Anayemjua

Walimu wenzangu, na wazazi mliopata nafasi ya kufika, hamjambo.

Kuna insha moja ambayo kila mwalimu wa madarasa ya mwanzo ameisahihisha mara nyingi mno. "Paka wangu anaitwa Simba. Ana macho mawili. Ana masikio mawili. Ana miguu minne na mkia mmoja. Paka wangu ni mzuri. Nampenda sana paka wangu." Herufi kubwa zipo, nukta zipo, tahajia haina neno. Tunaandika 8 juu ya 10, tunavuta daftari linalofuata.

Sasa futa "paka", weka "mbwa". Soma tena. Kila sentensi bado ni kweli. Weka "mbuzi": bado. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na kipimo chake ndicho hicho hicho. Tukiite jaribio la kubadilisha jina. Sentensi ikibaki kweli baada ya kumtoa mnyama mmoja na kumweka mwingine, basi haijamweleza yeyote. Mtoto wa miaka 7 hulishika jaribio hili kwa siku moja kwa sababu kwake ni mchezo, na tangu siku hiyo anaweza kujisahihisha bila kuisubiri kalamu nyekundu.

Tusimlaumu. Tumeandika kichwa cha insha ubaoni, tumempa dakika 35, na paka mwenyewe hayupo. Ataandika nini zaidi ya yale ambayo kila mtu anayajua kuhusu kila paka? Amemwona paka mara elfu, lakini hajawahi kuwa na sababu ya kumtazama. Sababu hiyo huletwa na kazi. Mwenye zamu ya kubadilisha maji ya sungura ataona kibakuli kimepinduliwa, ataona maji yamepungua kiasi gani, atakumbuka kwamba jana yalibaki nusu na leo hayajaguswa kabisa. Ndiyo maana tunasema utunzaji utangulie, insha ifuate.

Kwanza, mnyama gani? Shule yenye nafasi inaweza kufuga sungura, kuku wachache, au samaki wa tangini. Paka na mbwa watazamwe nyumbani, mtoto aje na daftari. Kumleta mbwa darasani kwa kipindi kimoja hakufai. Mgeni aliyezungukwa na watoto 40 huogopa, na mnyama mwenye hofu ama hujikunyata pembeni ama huuma. Sungura naye akihamishiwa mahali papya apewe siku kadhaa, hata wiki, ya kuzoea kabla ya somo la kwanza, asipopewa, atakaa tuli kama jiwe na watoto wote wataandika "Sungura amekaa." Wamtazame kwa makundi ya watoto 4 au 5, wameketi chini, kwa dakika 10. Wasimwinue. Sungura akirusha miguu ya nyuma wakati ameshikwa vibaya anaweza kujivunja uti wa mgongo, na kumshika masikio ni kumtesa tu. Waketi, atawafuata mwenyewe kuwanusa.

Shule isiyo na mnyama wala nafasi haijakosa somo. Konokono mmoja kwenye chombo cha kioo chenye udongo mbichi na jani la kijani anatosha kwa wiki nzima, kisha anarudishwa alikotolewa.

Kuhusu usalama niseme kwa ufupi lakini msiuruke. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 kila baada ya kugusa mnyama, chombo chake au maji ya tangi. Vifaranga na kobe hubeba bakteria wa salmonela hata wakionekana wazima, kwa hiyo watoto chini ya miaka 5 wasiwashike kabisa. Mtoto mwenye pumu au mzio wa manyoya apangiwe samaki. Mtoto akiumwa na mbwa au paka, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Sasa daftari la zamu, lile analolijaza mtoto mwenye zamu ya kumtunza mnyama. Ukurasa wake una safu tatu tu: nilifanya nini; niliona, nilisikia, nilinusa au niligusa nini; kinafanana na nini. Mtoto anayeanza kuandika achore, halafu aandike majina matano ya viungo kwa mishale. Wa mwaka unaofuata aandike sentensi moja kwa kila safu. Lijazwe pale pale bandani, si darasani baadaye. Nusu saa tu ikipita, kumbukumbu ya mtoto inarudi kwenye paka wa kawaida mwenye macho mawili.

Mfano wa maji ndio tunaoupenda kuliko yote, kwa sababu karibu kila mnyama anakunywa na kila mtoto anadhani wote wanakunywa sawasawa. Wape swali moja kwa wiki: "Anakunywaje?" Mbwa hutumbukiza ulimi, huukunja kwa nyuma kama kijiko, huchota kwa nguvu, na matone yanaruka mpaka sakafuni, akimaliza, kidevu kimelowa chepechepe. Paka haloweshi hata sharubu. Hugusisha ncha ya ulimi tu juu ya maji, huuvuta haraka, maji yanapanda nao kama uzi, naye hufunga mdomo kabla uzi haujakatika. Kuku huchota kwa mdomo, huinua kichwa juu, humeza, kisha huinama tena, mithili ya mtu anayeomba dua na kusitasita. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja bila kuinua kichwa.

Peleka sentensi hizo kwenye jaribio letu. Mweke kuku mahali pa paka uone kama inakubali. Haikubali. Na angalieni kitu kingine: katika maelezo yote hayo vivumishi ni vichache mno. Kazi imefanywa na kutumbukiza, kukunja, kuchota, kugusisha, kuvuta, kuinua, kufyonza.

Hili ni la kusisitiza, maana miongozo mingi ya insha ya wasifu humtaka mwalimu aanze kwa kubandika ukutani orodha ya vivumishi. Kwa Kiswahili huko ni kuanzia mkiani. Vivumishi vyetu vya asili ni vichache. Utajiri wetu uko kwenye vitenzi. Paka peke yake ananyata, ananyemelea, anajikunyata, anajinyoosha, anajilamba, anaparua, anakodoa, anadakia, anajibiringisha. Kila kimoja ni picha kamili na kila kimoja mtoto anaweza kukiigiza kwa mwili wake kabla hajakiandika. Fanyeni hivyo: wasimame, wanyate, wajikunyate, wajinyooshe. Mtoto aliyejinyoosha kama paka hawezi kuandika "paka alifanya mazoezi". Orodha ya ukutani iwe ya vitenzi, na iongezwe na watoto wenyewe kila mmoja anapokamata kipya.

Neno "-zuri" lifungiwe kwa muhula mmoja. Tunajua ni adhabu kali. Mtoto akisema sungura ni mzuri, asikatazwe, aulizwe, "Mzuri wapi?" Atanyoosha kidole kwenye masikio, na hapo ndipo tunapoanzia.

Tuyachukue basi masikio hayo. Sentensi ya kwanza: "Sungura ana masikio." Mwalimu mwenye haraka ataongeza "marefu" na kuridhika. Usiridhike. Uliza: ukiyatazama dhidi ya mwanga unaona nini? Mtoto atasema anaona mishipa. Inafanana na nini? Mmoja atasema mizizi, mwingine ramani ya mito. Je, sikio moja likigeuka, na la pili hugeuka? Watachungulia tena, kwa sababu hakuna aliyewahi kujiuliza, na watagundua kwamba kila sikio hugeuka kivyake. Mwisho wa dakika 10 mna kitu kama hiki: "Masikio yake marefu ni membamba. Mwanga ukipita, mishipa inaonekana kama mizizi. Mlango ukilia, sikio la kushoto linageuka kwanza." Sentensi tatu, mtoto wa darasa la pili, na hakuna sungura mwingine duniani aliyeandikwa hapo isipokuwa huyo. Mara zote maswali ya mwalimu yawe ya mahali na mwendo. "Ana rangi gani?" huleta neno moja. "Rangi nyeusi inaanzia wapi na inaishia wapi?" huleta aya.

Kuna kikwazo ambacho walimu wa Kiingereza hawakijui, nacho ni ngeli. Mnyama mwenyewe yuko katika ngeli ya A-WA (anakula, wanakula), lakini viungo vyake vimetawanyika kila mahali. Shina moja la "-refu" juu ya mnyama mmoja linatoka hivi: mkia mrefu, miguu mirefu, masikio marefu, kichwa kirefu, sharubu ndefu. Ndiyo maana mnasoma "masikio ndefu" na "mkia ndefu" kila wiki. Mtoto amelisikia "ndefu" mara nyingi, amelikariri kama neno lisilobadilika. Kumwandikia kanuni ubaoni hakumsaidii. Mchoreni mnyama mkubwa kwenye karatasi ya ukutani, na kila kiungo kibandikwe kadi yenye nomino pamoja na sifa yake na kimilikishi chake kwa mpigo: mkia wake mrefu, masikio yake marefu, sharubu zake ndefu. Wasome kadi nzima, wasiitenganishe. Kuku ni mwalimu mzuri hapa (naam, tumevunja kifungo cha "-zuri"): kuku mweupe ana manyoya meupe, ametaga yai jeupe kwenye kiota cheupe, na mwenye banda amevaa kofia nyeupe. Watoto huchekea hilo na halisahauliki. Kosa jingine la mara kwa mara ni "kuku nyeupe". Mkumbushe kwamba anayetembea na kula yuko A-WA, basi. Isipokuwa tukimfanya mdogo: kijibwa kinabweka, vijibwa vinabweka. Hayo yangojee darasa la juu kidogo.

Katika kusahihisha, chagua ngeli moja kwa wiki na usahihishe hiyo tu. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika sentensi fupi asizoweza kukosea, yaani turudi kwenye macho mawili na masikio mawili.

Tashbihi. Hapa tunavuna kile tulichopanda wenyewe kwa kuwakaririsha. "Mweupe kama theluji," anaandika mtoto ambaye theluji hajaigusa. Sheria yetu iwe kwamba mfano utoke kwenye kitu ambacho mkono wa mtoto umewahi kukishika. Ulimi wa paka unakwaruza kama msasa, na ukimweleza sababu atauandika vizuri zaidi: umejaa vijimiba vidogo vinavyoelekea nyuma, ndivyo vinavyochana manyoya anapojilamba. Kwa rangi na mwendo, tanakali za sauti zinamaliza kazi mahali ambapo tashbihi inachosha: nyeupe pe, nyeusi ti, ametulia tuli, kaanguka majini chubwi. Kwa sauti za mnyama, usimpe mtoto jibu. Sungura anapotafuna nyasi kavu, waambie wafumbe macho na kila mmoja aandike alichosikia kwa herufi zake. Hamtapata majibu mawili yanayofanana, na yote ni sahihi.

Baada ya kutazama, kuna swali gumu kuliko yote, na tunashauri liwe ndilo swali la kudumu la darasa: "Umejuaje?" Mtoto anaandika, "Mbwa amefurahi." Umejuaje? "Anatikisa mkia." Unatikisikaje? Mkia uliolegea na mwili mzima ukiyumba pamoja nao ni jambo moja. Mkia ulioinuliwa juu, mgumu, unaotikisika kwa haraka huku mwili umekakamaa, unaweza kuwa onyo. Paka hukoroma akiwa na raha, lakini hukoroma pia akiwa na maumivu. Kwa hiyo mtoto aandike alichokiona kwanza, na hisia aziache au aziweke mwishoni kwa "huenda". Kwa mtoto anayeishi na mbwa, tofauti hiyo inaweza kumwokoa vidole.

Swali hilo hilo linavunja mambo tuliyoyachukua kwenye vitabu vya picha. Paka na bakuli la maziwa: paka wengi wakubwa hawawezi kuyasaga maziwa vizuri na huharisha, maji ndiyo yao. Sungura na karoti: karoti ina sukari nyingi, ni kionjo tu. Chakula chake hasa ni nyasi kavu, fungu lenye ukubwa kama wa mwili wake kila siku. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Samaki nao huuawa kwa upendo. Wapewe kile wanachoweza kumaliza ndani ya dakika 2. Kinachobaki kinaoza chini, maji yanachafuka kwa amonia. Badilisheni robo ya maji kila wiki, na maji ya bomba yenye klorini yakae wazi saa 24 au yatiwe dawa ya kuiondoa. Siku samaki atakapoonekana juu ya maji akifungua na kufunga mdomo kwa haraka, watoto wasiandike "samaki anaimba". Anakosa hewa. Aandikaye hivyo ameona vizuri, akakosa kuuliza.

Ndipo tunafika kwenye matumizi, maana insha isiyo na msomaji inamchosha hata anayeisahihisha. Tunapendekeza kazi mbili, na moja ya kupumzikia.

Ya kupumzikia ni kitendawili. Watoto wanakijua tangu nyumbani: mmoja anasema "Kitendawili!", darasa linaitika "Tega!" Waambie watege kwa kutumia daftari la zamu tu. "Nanawa uso bila maji." "Nalala bila kufumba macho, sina kope." Wenzao wakijibu upesi mno, maelezo yalikuwa ya juu juu, wakijibu wanyama watatu tofauti, jaribio la kubadilisha jina limemshika mtegaji.

Kazi ya kwanza kubwa ni tangazo la mnyama aliyepotea. Mwalimu abandike picha 6 za paka weusi wanaofanana, kila mmoja akiwa na alama ndogo yake. Mtoto apewe picha moja kwa siri, aandike tangazo lisilozidi sentensi 5, ampe mwenzake akamtafute ukutani. Tangazo lililofaulu husomeka hivi: "Amepotea paka jike mdogo. Ni mweusi ti, ila kidevu chake ni cheupe. Mguu wa mbele wa kulia una soksi nyeupe. Sikio la kushoto lina pengo kwenye ncha, kama karatasi iliyochanika. Ukimwita hakimbii, anakaa chini na kukukodolea macho." Msomaji akimchukua paka asiyehusika, mwandishi asigombezwe. Wakae wawili watafute ni neno gani lililompoteza msomaji. Mara nyingi ni "kulia" na "kushoto": mtoto ameandika kulia kwake yeye, si kwa paka. Afundishwe kujiweka nyuma ya mnyama wakielekea upande mmoja. Na idadi zihakikishwe. Waulize paka ana vidole vingapi. Watasema 20 bila kuhesabu. Paka wa kawaida ana 18, vitano kwa kila mguu wa mbele na vinne kwa kila wa nyuma.

Kazi ya pili ni barua ya makabidhiano: shule zinafungwa, sungura anakwenda kwa mlezi, na darasa linamwandikia mlezi huyo. Hapa kila neno legevu lina gharama. "Mpe chakula cha kutosha": kutosha ni kiasi gani? "Akiumwa mpeleke kwa daktari": mlezi atajuaje kwamba anaumwa? Watoto warudi kwenye daftari la zamu, na watakuta jibu wamelikusanya wenyewe. "Kinyesi chake ni vidonge vya duara, vikavu, ukubwa wa njegere. Vikiwa vidogo sana au vikikosekana, au kama hajala kwa saa 12, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo." Tumbo la sungura halitakiwi kuacha kufanya kazi, na anayeandika sentensi hiyo anajua kwa nini kila neno limo. Mambo ya kinyesi yatawachekesha. Acheni wacheke dakika moja, kisha waandike.

Mwombeni mlezi aandike nyuma ya barua kila swali alilolazimika kuuliza au kukisia, airudishe shule zikifunguliwa. Kila swali lake ni sentensi iliyokosekana. Akiuliza, "Lile fungu la nyasi mlilipima kabla ya kulishindilia au baada?", darasa limepata kazi ya Jumatatu.